Maandalizi ya Sehemu ya Kuandika katika Mtihani wa Kiingereza: Hali ya Mtahiniwa wa Kivu ya Kaskazini

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mwanafunzi aliyesomeshwa kwa Kifaransa, na ambaye Kiswahili ndicho lugha yake ya kila siku, awezavyo kujiandaa kwa sehemu ya kuandika ya mtihani wa kupima umilisi wa Kiingereza. Mfano utakaotumiwa ni wa mtahiniwa atokaye Kalengera, kijiji kilichoko kwenye barabara ya Goma na Rutshuru, aliyekuja Goma kuendelea na masomo. Mtahiniwa wa namna hii hutumia Kinyabwisha nyumbani, Kiswahili sokoni na safarini, na Kifaransa darasani. Kiingereza humjia kikiwa lugha ya nne, nacho hufundishwa kama somo kwa saa chache za juma.

Hali hiyo inalingana na mpangilio wa lugha nchini. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Kiingereza hakimo. Hata hivyo mahitaji ya Kiingereza yamekuwa yakiongezeka mashariki mwa nchi. Uganda husomesha kwa Kiingereza tangu zamani. Rwanda iliamua mwaka 2008 kukifanya lugha ya kufundishia. Na Kongo yenyewe ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Mhitimu wa Goma anayetaka shahada ya uzamili Kampala, au msaada wa masomo ng'ambo, huulizwa cheti cha Kiingereza kabla ya kuulizwa jambo jingine.

Hoja kuu ya makala haya ni kwamba udhaifu wa mtahiniwa huyu hautokani tu na uhaba wa msamiati. Anaingia katika chumba cha mtihani akiwa na lugha mbili zilizokomaa, Kiswahili na Kifaransa, na kila moja humsaidia mahali fulani na kumpotosha mahali pengine. Anayejua ni lugha ipi iliyozaa kosa lake hulisahihisha mapema. Asiyejua hurudia kosa lilelile hata baada ya kuandika insha mia moja.

2.0 Mtihani wenyewe

Mitihani inayojulikana zaidi ni TOEFL wa Marekani, ulioanza kutolewa mwaka 1964, na IELTS, ulioanza mwaka 1989 na ambao unamilikiwa kwa pamoja na British Council, IDP na Cambridge. Umbo la TOEFL limebadilishwa mara kadhaa. Mathalani, mwezi Julai 2023 insha huru ya dakika 30 iliondolewa, na mahali pake pakawekwa mchango mfupi katika majadiliano ya darasani. Anayejiandaa kwa mtihani huo hana budi kuhakikisha kwamba kitabu alichonacho kinaeleza umbo linalotumika mwaka anaoufanya. Makala haya yatajikita katika IELTS.

Sehemu ya kuandika ya IELTS huchukua dakika 60 na ina kazi mbili. Katika mkondo wa kitaaluma, Kazi ya Kwanza humtaka mtahiniwa aeleze habari iliyomo katika grafu, jedwali, ramani au mchoro wa hatua za utengenezaji wa kitu, kwa maneno yasiyopungua 150. Katika mkondo wa jumla, kazi hiyo ni barua. Kazi ya Pili, katika mikondo yote miwili, ni insha ya hoja yenye maneno yasiyopungua 250. Mtahiniwa hushauriwa kutumia dakika 20 kwa kazi ya kwanza na 40 kwa ya pili, lakini hakuna kengele inayomlazimisha kuhama. Kazi ya Pili ina uzito mara mbili ya ile ya Kwanza. Kwa hiyo anayetumia nusu saa kuipamba grafu anajinyima alama mahali zilipo nyingi.

Watahini hutumia vigezo vinne vyenye uzito sawa. Cha kwanza ni kulijibu swali lililoulizwa. Cha pili ni mtiririko na mshikamano wa matini. Cha tatu ni utajiri na usahihi wa msamiati. Cha nne ni upana na usahihi wa sarufi. Yafaa izingatiwe kwamba sarufi, ambayo watahiniwa wengi huiona kuwa ndiyo mtihani mzima, ni robo tu ya alama. Nusu ya alama hutolewa kwa jibu na mpangilio wake.

Matokeo hutolewa kwa ngazi kuanzia 0 hadi 9, na ngazi ya jumla ni wastani wa stadi nne uliokaribishwa kwenye nusu iliyo karibu. Tuchukue mtahiniwa aliyepata 6.5 katika kusikiliza, 7.0 katika kusoma, 6.5 katika kuzungumza na 5.5 katika kuandika. Wastani wake ni 6.375, nao huandikwa 6.5. Endapo chuo kinadai 6.5 kwa jumla na pia kisipungue 6.0 katika kila stadi, mtahiniwa huyo amekataliwa, na kilichomkatalisha ni kuandika peke yake. Jambo hili si la nadra: katika takwimu zitolewazo na wenye mtihani, wastani wa kuandika kwa kawaida huwa chini ya wa stadi nyingine.

Kukosa huko kuna gharama. Ada ya mtihani huzidi dola 200 za Marekani, na cheti huhesabiwa kuwa halali kwa miaka 2 tu. Watahiniwa wa Kivu wengi huvuka mpaka kwenda Kigali au Kampala, kwa hiyo nauli na malazi huongezeka juu ya ada. Mwishoni mwa Januari 2025, mji wa Goma ulipotwaliwa na M23, benki zilifunga milango na uwanja wa ndege ukasimama. Hata kulipa ada ukawa mtihani kabla ya mtihani. Kwa familia iliyouza magunia ya maharagwe ili mtoto wake ajaribu mara moja, hakuna ahadi ya mara ya pili.

3.0 Mpangilio wa hoja

3.1 Insha ya shule ya Kikongo

Mwanafunzi wa Kongo hajifunzi kuandika insha kwa mara ya kwanza anapokutana na mtihani wa Kiingereza. Tangu mwaka 1967 masomo ya sekondari huhitimishwa kwa mtihani wa taifa, Examen d'État, nao una insha ya Kifaransa ambayo wanafunzi huiita disertasyo. Insha hiyo ina adabu zake. Utangulizi huanza na jambo la jumla, hushuka polepole hadi kwenye suala, kisha huuliza swali na kutangaza mpango. Kiini hutoa hoja ya kuunga mkono, baadaye hoja ya kupinga, na mwisho hupatanisha. Msimamo wa mwandishi huonekana karibu na tamati, kama tunda la safari nzima.

Kwa Kazi ya Pili ya IELTS, yenye kuuliza mtahiniwa anakubali kwa kiasi gani, mpango huo una hatari. Kigezo cha kwanza, katika ngazi za juu, kinataka msimamo ulio wazi kutoka mwanzo hadi mwisho. Mtahini anayesoma aya mbili bila kujua mwandishi anaegemea wapi, kisha akaambiwa katika mstari wa mwisho, huona msimamo usio thabiti. Mwandishi naye hujiona ametenda haki kwa pande zote. Hapana aliyekosea kwa nia. Kila mmoja anafuata adabu ya shule yake.

Robert Kaplan aliandika mwaka 1966 kwamba wanafunzi wa lugha mbalimbali hupanga hoja katika njia mbalimbali, na kwamba aya ya Kiingereza hupendelea mstari ulionyooka. Maelezo yake yalikosolewa kwa kuzigawa tamaduni katika mafungu mepesi mno. Hata hivyo wazo la msingi lina manufaa kwa mwalimu: mpangilio wa hoja hufundishwa, haurithiwi, na kilichofundishwa katika lugha moja huhamia katika nyingine bila mwenyewe kutambua.

3.2 Adabu ya mazungumzo ya Kiswahili

Kiswahili nacho kina mchango wake. Katika mazungumzo ya heshima, anayekwenda moja kwa moja kwenye haja yake huonekana hana malezi. Husalimu, huulizia hali ya nyumbani, hutaja methali, ndipo husema kilichomleta. Watahiniwa huihamishia tabia hii katika insha: aya nzima ya kwanza hueleza kuwa dunia inabadilika na kwamba suala hili huzungumzwa sana. Maneno 60 yamekwisha na swali halijaguswa.

Methali pia hutumiwa kana kwamba ni ushahidi. Mbele ya wazee, methali iliyotajwa mahali pake hufunga mjadala. Mbele ya mtahini, methali iliyofasiriwa bila maelezo ni madai tu. Haikatazwi, ila sharti ifuatwe na sababu na mfano.

3.3 Mfano mmoja, mipango miwili

Tuseme swali linasema kwamba serikali zinapaswa kutumia fedha nyingi zaidi kwa barabara za vijijini kuliko kwa shule, na mtahiniwa anaulizwa anakubali kwa kiasi gani.

Kwa mpango wa disertasyo, mtahiniwa ataanza na umuhimu wa maendeleo, atauliza kama barabara hutangulia shule au shule hutangulia barabara, atazisifu barabara katika aya ya pili, atazisifu shule katika aya ya tatu, kisha atamaliza kwa kusema kuwa vyote ni muhimu. Jibu la kiasi gani halipo.

Kwa mpango unaotakiwa, utangulizi ni sentensi mbili au tatu. Ya kwanza inalitaja suala kwa maneno ya mtahiniwa mwenyewe, na ya pili inatoa msimamo: kwamba anakubali kwa sehemu kubwa, kwa sababu barabara huitumikia shule pia. Aya ya pili inaeleza kwamba mkulima asiyeweza kufikisha mazao mjini hapati karo ya kulipia watoto. Aya ya tatu inaeleza kwamba mwalimu na vitabu haviwezi kufika mahali pasipofikika. Aya ya nne inakubali hoja ya upande wa pili, kwamba barabara haimfundishi mtu kusoma, kisha inaonyesha kwa nini haibatilishi msimamo. Tamati inaurudia msimamo kwa sentensi moja au mbili. Sentensi ya msimamo yaweza kuwa nyepesi kama hii: "I largely agree, because a school that nobody can reach teaches nobody." Haina neno gumu hata moja, lakini inajibu swali na inatoa sababu.

Hapa Kalengera inakuwa mali. Maelekezo ya mtihani humruhusu mtahiniwa kutoa mifano kutokana na ujuzi na maisha yake. Wengi hudhani kwamba mfano bora ni wa London au New York, wakabuni takwimu za miji wasiyoijua. Anayeeleza jinsi maharagwe ya Rutshuru yanavyooza wakati lori limekwama katika matope ana mfano wa kweli, ana maneno yake, na hatajikanganya. Mtahini hapimi umaarufu wa mahali. Anapima kama mfano unaisaidia hoja.

4.0 Lugha tatu katika sentensi moja

Robert Lado, katika kitabu chake cha mwaka 1957, alieleza kwamba kulinganisha lugha ya mwanafunzi na lugha anayojifunza hubashiri mahali atakapopata taabu. S. P. Corder mwaka 1967 aliongeza kwamba kosa la mwanafunzi ni ushahidi wa mfumo alionao kichwani wakati huo, wala si la kuonewa aibu. Mawazo hayo mawili yanatosha kutuongoza hapa.

4.1 Kiswahili kinapopotosha

Kiambishi cha nafsi hukaa ndani ya kitenzi hata kama nomino imetajwa: kaka yangu anafanya kazi. Mtahiniwa huandika "My brother he works", akilihesabu "he" kuwa sawa na a-. Vivyo hivyo, kitabu nilichokinunua huzaa "the book which I bought it", kwa kuwa -ki- ya pili imetafutiwa nafasi.

Yeye na a- hazitenganishi mwanamume na mwanamke. Hivyo dada aliyeanza aya akiwa "she" huweza kuimaliza akiwa "he". Kifaransa hutenganisha nafsi hizo, lakini chini ya shinikizo la dakika lugha ya mdomoni hutangulia.

Masharti yasiyowezekana hutumia -nge- katika vishazi vyote viwili: ningekuwa na pesa ningenunua kompyuta. Matokeo yake ni "If I would have money, I would buy a computer". Kiingereza sanifu kinataka wakati uliopita katika kishazi cha kwanza.

Kiambishi tamati -ni kinabeba kazi ya vihusishi vingi: shuleni ni ndani ya shule, kwenye shule na kuelekea shule. Mtahiniwa huchagua kihusishi kimoja, mara nyingi "at" au "in", akakitumia kwa yote.

4.2 Kifaransa kinapopotosha

Kifaransa hutumia kibainishi hata kwa mambo ya jumla: la vie est dure. Kutoka hapo hutokea "The life is hard". Kiswahili, kisicho na vibainishi kabisa, huzaa kosa la kinyume: "Teacher gave us exercise". Mtahiniwa mmoja huweza kufanya makosa yote mawili katika aya moja, na mwalimu asiyejua chanzo hushangaa kwamba kanuni hiyohiyo imekosewa kwa kuzidisha na kwa kupunguza.

Wakati uliopita wa Kifaransa cha mazungumzo huundwa kwa kitenzi kisaidizi, nao hukubali neno jana: je l'ai vu hier. Huzaa "I have seen him yesterday". Kadhalika maneno yanayofanana kwa sura hudanganya. "Library" ni maktaba, ilhali librairie ni duka la vitabu. "Actually" si sasa hivi, "eventually" si labda, na "to assist" haina maana ya kuhudhuria.

Hatimaye kuna urefu wa sentensi. Sentensi ndefu yenye vishazi vilivyotenganishwa kwa mikato husifiwa katika Kifaransa cha shule. Katika Kiingereza, vishazi huru viwili vilivyounganishwa kwa mkato peke yake ni kosa. Vilevile viunganishi kama "moreover", "furthermore" na "nevertheless" vikianza kila sentensi, mtahini huvihesabu kuwa vya kimashine.

4.3 Zinapokubaliana kupotosha

Kosa gumu kuliko yote ni lile linaloungwa mkono na lugha zote mbili. Kiswahili husema nina miaka 20. Kifaransa husema j'ai 20 ans. Lugha mbili zimekubaliana kwamba umri humilikiwa, na mtahiniwa hana sababu ya kushuku "I have 20 years". Kosa la namna hii halitoki kwa kuelezwa mara moja, bali kwa mazoezi ya makusudi.

4.4 Zinapookoa

Walimu wengi huishia kwenye makosa, jambo linalomfanya mwanafunzi azione lugha zake kuwa mzigo. Ukweli ni kwamba kila mahali lugha moja inapopotosha, mara nyingi nyingine ina jibu.

Kiswahili sanifu hutenga nimemwona na nilimwona jana. Hakisemi nimemwona jana. Tofauti hiyo inakaribiana sana na ile ya "I have seen him" na "I saw him yesterday". Katika Kiswahili cha Goma, mahali pa nimekwisha kula husikika nilisha kula, kwa hiyo kipo kiambishi -li- pale ambapo Kiswahili sanifu kina -me-. Mtahiniwa anayejua Kiswahili sanifu ana kipimo mkononi: akiweza kuongeza jana, aache "have".

Kwa masharti, Kifaransa ndicho kinachookoa. Si j'avais de l'argent, j'achèterais ina wakati uliopita katika kishazi cha kwanza na hali ya masharti katika cha pili, sawasawa na "If I had money, I would buy". Mtahiniwa apite Kifaransa, asipite Kiswahili.

Kifaransa huweka conseils katika wingi, kikazaa "advices". Ushauri wa Kiswahili kwa kawaida haubadiliki umbo kwa wingi, kama "advice" isivyobadilika. Kifaransa huandika majina ya siku, miezi na lugha kwa herufi ndogo. Kiswahili huandika Jumatatu, Machi na Kiingereza kwa herufi kubwa, kama Kiingereza chenyewe kifanyavyo. Mwenye lugha mbili ana mashahidi wawili, na kazi yake ni kujua yupi wa kumsikiliza katika kesi ipi.

5.0 Tahajia, tarakimu na kibodi

Mambo madogo hula alama kimyakimya. Maneno mengi ya Kiingereza yanafanana na ya Kifaransa isipokuwa herufi moja au mbili: "example", "address", "government", "responsible", "development". Yafaa mtahiniwa aorodheshe yapatayo 50 ya namna hiyo na kuyaandika kwa mkono hadi yazoeleke.

Katika Kazi ya Kwanza, tarakimu zina mtego wake. Kwa desturi ya Kifaransa, mkato hutenga sehemu ya desimali, na nukta hutumiwa na wengi kutenga maelfu. Kiingereza hufanya kinyume. Mtahiniwa anayeandika 1.250 akikusudia elfu moja mia mbili na hamsini amemwambia msomaji wake moja na robo. Aidha, Kazi ya Kwanza haihitaji maoni wala sababu ambazo hazimo katika mchoro. Inahitaji muhtasari wa mwelekeo mkuu, kisha ulinganishaji wa tarakimu zilizochaguliwa. Anayetaja kila tarakimu hajachagua.

Kwa anayefanya mtihani kwa kompyuta, kibodi za Kongo mara nyingi hupangwa kwa utaratibu wa AZERTY, ilhali za nchi zinazotumia Kiingereza hupangwa kwa QWERTY. Herufi A na Q zimebadilishana mahali, kadhalika Z na W, na M imehama. Mtahiniwa aliyezoea ya kwanza hupoteza dakika za thamani akitafuta herufi. Majuma mawili ya kuchapa kwa utaratibu wa QWERTY huondoa tatizo hili kabisa.

6.0 Utaratibu wa maandalizi

Utaratibu ufuatao wa majuma 8 unafaa kwa mwanafunzi asiye na mwalimu wa kudumu, mradi awe na wenzake wawili au watatu.

Katika majuma 2 ya kwanza aandike insha 4 bila kuhesabu dakika, kwa sentensi fupi. Baada ya kila insha, makosa yaingizwe katika daftari lenye safu tatu: yaliyotoka katika Kiswahili, yaliyotoka katika Kifaransa, na yaliyokosa asili ya wazi. Mwisho wa juma la pili ahesabu. Safu iliyojaa zaidi ndiyo itakayomwonyesha wapi pa kuanzia.

Katika juma la tatu na la nne ashughulikie mpangilio peke yake. Kila siku achukue swali moja, aandike mpango kwa dakika 5, na sentensi ya msimamo, bila kuandika insha. Hapa Kiswahili ni chombo cha kupimia. Mwenzake asome kila aya ya insha iliyokamilika na kuifupisha kwa sentensi moja ya Kiswahili. Ikihitaji sentensi mbili, aya ina mawazo mawili, na yafaa igawanywe. Ikiwa mwenzake, baada ya kusoma utangulizi, hawezi kusema mwandishi anakubali au anakataa, utangulizi uandikwe upya.

Katika juma la tano na la sita aingize saa. Kwa Kazi ya Pili atenge dakika 5 za mpango, 30 za kuandika na 5 za kusoma alichoandika. Katika dakika 5 za mwisho asitafute kila kosa. Atafute yale matatu au manne ambayo daftari limeonyesha kuwa ni yake.

Majuma 2 ya mwisho afanye mtihani mzima wa dakika 60 kila baada ya siku mbili, kwa chombo kilekile atakachotumia, kalamu au kompyuta. Katika kipindi hiki asiongeze msamiati mpya.

Jambo moja liepukwe tangu mwanzo. Iko desturi ya kukariri insha zilizopigwa nakala, kwa tumaini kwamba swali litafanana. Watahini wamefunzwa kuzitambua insha za kukariri, na kigezo cha kwanza huziadhibu kwa kuwa hazilijibu swali lililoulizwa. Aliyekariri insha kuhusu uchafuzi wa mazingira akiulizwa kuhusu barabara, ataandika Kiingereza safi kisichohusika.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mtahiniwa wa Kivu ya Kaskazini hukutana na matatizo yanayoweza kutabiriwa, kwa sababu lugha alizo nazo zinajulikana. Mpangilio wa disertasyo humchelewesha kutoa msimamo. Adabu ya mazungumzo ya Kiswahili humrefushia utangulizi. Sarufi za lugha hizo mbili huacha alama katika sentensi zake. Lakini mahali pengi lugha moja inapokosea, nyingine ina jibu sahihi, na vitabu vya maandalizi vilivyoandikwa kwa msomaji wa dunia nzima haviwezi kumwambia hivyo.

Hapa pana kazi kwa idara za lugha. Mwalimu wa Kiingereza ambaye hajui Kiswahili cha wanafunzi wake husahihisha kosa akiacha chanzo. Daftari la safu tatu, likikusanywa na mwalimu kutoka kwa darasa zima kwa muhula mmoja, lingetosha kuwa msingi wa kijitabu cha maandalizi kwa wanafunzi wa eneo hili, kilichoandikwa kwa Kiswahili. Mtahiniwa atokaye Kalengera huenda akapata nafasi moja tu ya kukaa katika chumba kile. Ni haki aingie akijua kwamba lugha alizotoka nazo nyumbani na shuleni zinaweza kumsaidia, mradi awe amefundishwa kuziuliza.